Pikipiki ya lami na vumbi: kabla hujauliza bei, uliza uzito

Aliyekulia kijijini miaka ya 1990 anaujua mlio ule. Ulisikika kutoka ng'ambo ya bonde, ukipanda na kushuka kadiri dereva alivyobadilisha gia, na kabla pikipiki haijatokeza watoto walikwisha kujua anayekuja ni bwana shamba, ni mtu wa chanjo, au ni padre anayekwenda kigangoni. Chombo chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, madigadi ya mbele yamepandishwa juu mbali na tairi, ekzosi imepitishwa karibu na paja la dereva. Mara nyingi ilikuwa Yamaha DT au Honda XL ya cc 125, pengine Suzuki TF, na kibao cha namba kilisomeka DFP maana ililetwa na mradi wa wafadhili. Masika yalipokata barabara na malori yakalala njiani siku kadhaa, yenyewe ilipita.

Ukoo huo wa pikipiki sasa umerudi kwa sura nyingine. Jumamosi asubuhi, kwenye vituo vya mafuta vya njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, au Nairobi kuelekea Magadi, utawakuta watu wazima waliovaa makoti yenye pedi na buti ndefu, wamekalia BMW GS, Honda Africa Twin, Yamaha Ténéré au Royal Enfield Himalayan, na masanduku ya aluminiamu yakining'inia pembeni. Vijana huzisogelea, huzipiga picha, kisha huuliza bei. Swali zuri zaidi ni kama chombo hicho kitamfaa anayeuliza, kwa barabara anazopita na kwa mfuko alionao. Nazipenda pikipiki hizi kuliko usafiri mwingine wowote, na kwa sababu nazipenda nitasema faida na hasara zake bila kuficha, pamoja na msimamo wangu: kwa barabara zetu, nyepesi huishinda kubwa karibu kila mara.

Kuna matawi mawili. La kwanza ni pikipiki nyepesi ya silinda moja, kuanzia cc 125 hadi 650, iliyozaliwa kwa ajili ya porini kisha ikawekewa taa, vioo na namba ili iruhusiwe kwenye lami. La pili ni pikipiki kubwa ya safari ndefu, kwa kawaida ya silinda mbili, cc 700 hadi 1,300, yenye kioo cha kukinga upepo, tanki pana na nguvu ya kubeba watu wawili na mizigo yao. Katikati yake zimejitokeza za cc 300 hadi 450, kama KTM 390 Adventure, BMW G 310 GS na hiyo Himalayan, ambazo zinajaribu kuchukua kidogo huku na kidogo kule.

Nyingi zinafanana miguu. Tairi la mbele la pikipiki halisi ya porini lina rimu ya inchi 21, wakati bodaboda ya kawaida ina inchi 17 au 18. Gurudumu kubwa likikutana na jiwe au ukingo wa shimo hulipanda kwa pembe ndogo zaidi, halizami wala halisimami ghafla, na likishika kasi hujishikilia wima lenyewe. Rimu mara nyingi huwa ya spoki kwa sababu spoki hunyumbuka, na zikipinda fundi anazinyoosha, wakati rimu nzima ya aloi ikigongwa vibaya hupasuka. Shokapu zina mwendo mrefu: za Honda CRF300L husafiri milimita 260 mbele na nyuma. Usukani ni mpana, na vikanyagio vimewekwa mahali ambapo dereva anaweza kusimama wima, akaiacha pikipiki icheze chini yake huku kichwa chake kikibaki kimetulia.

Historia yake ina mkono wa Afrika, ingawa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1968 Yamaha ilileta DT-1 ya cc 250 kwa soko la Marekani, na ghafla mtu wa kawaida akaweza kununua dukani pikipiki ya kwenda nayo kazini Jumatatu na msituni Jumapili. Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Desemba 1978, Mfaransa Thierry Sabine aliwaanzisha washindani pale Trocadéro, Paris, waende hadi Dakar kwa kukatiza Sahara. Cyril Neveu alishinda pikipiki na magari kwa pamoja akiwa na Yamaha XT500 ya silinda moja. Mwaka 1980 BMW ikatoa R 80 G/S, Hubert Auriol akaipeleka kwenye ushindi wa mwaka 1981, na wateja wa Ulaya wakaanza kutaka pikipiki inayofanana na zile za jangwani. Honda nayo, baada ya kuanza kushinda mfululizo kwenye mashindano hayo, ikaiweka sokoni Africa Twin mwaka 1988. Jina la bara letu likaandikwa kwenye pikipiki ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Mashindano yenyewe yaliondoka Afrika baada ya yale ya mwaka 2008 kufutwa kwa sababu za usalama nchini Mauritania. Yakaenda Amerika Kusini, na tangu 2020 yanafanyika Saudi Arabia.

Kilichozisambaza pikipiki kubwa duniani kote ni televisheni. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliendesha BMW R 1200 GS Adventure kutoka ncha ya Scotland hadi Cape Town, wakipita Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Filamu yao ilivutia watu wengi mno, mimi nikiwa mmojawapo. Lakini anayeitazama leo akitaka kununua akumbuke kwamba walifuatana na magari ya msaada, vipuri na watu wa kusaidia. Ted Simon, aliyeizunguka dunia kati ya 1973 na 1977 na kupita huku kwetu peke yake, alitumia Triumph ya cc 500 ya barabarani, isiyo na lolote la porini. Alikwenda polepole, akajifunza kuitengeneza mwenyewe, akafika.

Sasa faida, na ya kwanza ni barabara zenyewe. TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara za wilaya Tanzania mwaka 2017, unasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa kabisa ya mtandao huo ni udongo na changarawe. Maana yake ni kwamba mtu mwenye pikipiki ya lami peke yake ameiona nchi kwa upana wa barabara kuu tu. Mwenye kitu chenye magurudumu marefu anaweza kuacha lami Mto wa Mbu na kufuata ukuta wa Bonde la Ufa kilomita kama 120 hadi Engaresero, kwenye vumbi laini la majivu ya volkano na makorongo ambayo kila mvua huyachimba upya, Ol Doinyo Lengai ikiwa mbele yake muda wote. Anaweza kupanda Usambara hadi Lushoto na kuendelea mpaka Mtae mahali ambapo mlima unakatika na nyika ya Mkomazi inaonekana chini. Anaweza kuteremka kutoka Ludewa hadi Lupingu, ziwa Nyasa likimjia kwa kila kona. Kwa wenzetu wa Kenya kuna Maralal, Baragoi, South Horr na Loiyangalani, kwenye mawe meusi yanayozunguka ziwa Turkana.

Hizi ni barabara ambazo gari la kawaida linazikwepa na gari kubwa la magurudumu manne linazipita kwa gharama ya mafuta inayoumiza. Pikipiki ya cc 250 au 300 hutumia lita tatu na kitu kwa kilomita 100. Mahali daraja limekwenda na maji, wewe na wanakijiji wawili mnaivusha. Mahali mti umelala, unaipitisha pembeni. Kwa tabibu wa zahanati, mpima ardhi, mwandishi wa habari, mfugaji mwenye mashamba mawili yaliyo mbali, uwezo huu ni kazi na ni mkate.

Hata mjini ina faida yake. Dereva hukaa wima na juu, anaona mbele ya daladala iliyosimama, na matuta yasiyo na alama, ambayo ni ugonjwa wa barabara zetu, hayamwangushi. Mgongo haukunjiki. Kwa mtu wa miaka hamsini anayetaka kwenda Dodoma na kurudi wiki hiyo hiyo, mkao huo peke yake unaweza kuwa sababu ya kununua. Na hapo pikipiki kubwa lazima ipewe haki yake: kwenye lami, kwa kasi halali, ukiwa na abiria na mizigo, GS au Africa Twin husafiri kwa utulivu ambao nyepesi haitaufikia kamwe. Nyepesi hutetemeka, upepo wa Makambako huisukuma, na injini yake hulia kwa juhudi pale kubwa inapotembea tu.

Hasara kubwa inaanza pale lami inapoisha, nayo ni uzito. BMW R 1250 GS ikiwa na mafuta ni kilo 249, na ile ya Adventure ni kilo 268. Africa Twin ya cc 1,100 ni kilo 226. Ténéré 700 ni 204, Himalayan ya kwanza ya cc 411 ni 199. CRF300L ni kilo 142. Jaza masanduku, ongeza maji, hema na zana, na kubwa inakuwa na uzito unaozidi mifuko mitano ya saruji. Ikiwa inakwenda huusikii uzito huo, maana mwendo wenyewe unaibeba. Tatizo huja mchangani kwenye kitanda cha mto mkavu, pale kasi inapopungua na tairi la mbele likaanza kuchagua njia yake. Dereva anaingiwa na hofu, anafunga mafuta, uzito wote unakwenda mbele, na chombo kinalala.

Hapo ndipo mwenye kilo 142 anajifuta vumbi, anainyanyua na kuendelea. Mwenye kilo 268 aliye peke yake, saa saba mchana, kwenye joto la Engaresero au Baragoi, anaweza kuhangaika mpaka maji yake ya kunywa yaishe. Anguko dogo lisilovunja kitu hugeuka kuwa hatari kwa sababu ya uchovu. Anayeondoka na pikipiki kubwa kwenda mbali na lami aende na mwenzake, na wote wawili wawe wamewahi kuinyanyua pikipiki hiyo kabla ya siku ya safari.

Tope nalo lina kesi yake. Udongo mweusi wa mbugani, ule wa Shinyanga, Rukwa au tambarare za kusini mwa Nairobi, ukilowa hushikamana na tairi na kulijaza kila mzunguko. Ndiyo maana DT ya bwana shamba ilikuwa na madigadi iliyopandishwa juu, tope lipate nafasi ya kudondoka. Pikipiki nyingi kubwa za siku hizi zina madigadi inayolikumbatia tairi la mbele, kwa sababu kwa kasi ya barabara kuu ni tulivu zaidi na hukinga rejeta. Kwenye tope jeusi tairi hilo hujifunga lisizunguke hata kidogo, na dereva hujikuta ameketi kando ya njia akichokoa udongo kwa kijiti.

Baada ya uzito, urefu wa kiti. Kiti cha CRF300L kiko milimita 880 kutoka ardhini, cha Ténéré 875, cha Africa Twin kwa kawaida 850 hadi 870. Mtu wa kimo cha wastani hufikisha ncha za vidole tu. Nimewaona wanawake, na wanaume wengi pia, wakiambiwa dukani kwamba pikipiki hizi si za kimo chao, na jambo hilo linaniudhi, kwa sababu ni ujuzi unaofundishika. Unajitelezesha kwenye kiti na kuweka mguu mmoja kamili chini, si miwili ya kuning'inia. Unachagua upande wa kusimamia kabla hujasimama. Kwenye mteremko unasimamia upande wa juu. Kiti cha chini zaidi kinapatikana kwa aina nyingi. Kushusha shokapu kunawezekana, ila kunapunguza nafasi ile ile kati ya injini na mawe uliyoilipia. Himalayan ya kwanza ilikuwa na kiti cha milimita 800, na naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya watu wengi wanaoanza waipende pamoja na uzito wake.

Tairi ni mapatano yasiyomridhisha mtu. Zenye meno makubwa hushika vizuri kwenye vumbi na tope, lakini kwenye lami iliyolowa eneo linalogusa barabara ni dogo, breki zinachukua umbali mrefu zaidi, na tairi la nyuma la pikipiki yenye nguvu linaweza kwisha baada ya kilomita elfu chache. Zenye meno madogo hudumu, kisha zinakusaliti kwenye kipande kimoja cha tope katika safari nzima. Ushauri wangu ni kununua tairi za barabara unazopita siku nyingi za mwaka, kisha mchangani kupunguza upepo kutoka kama psi 30 hadi karibu 20 na kubeba pampu ya kuurudisha. Tairi za spoki nyingi zina mpira wa ndani, kwa hiyo kuziba pancha ni kazi ya kulitoa gurudumu. Jifunze kuifanya nyumbani, kivulini, kabla hujalazimika.

Nyepesi ina dhambi yake pia, nayo ni tanki. Lita 7.8 za CRF300L zinakupeleka kama kilomita 240 kwa mkono mpole. Maralal hadi Loiyangalani ni umbali wa karibu huo huo, na huko njiani mafuta huuzwa kwenye madumu na chupa, usijue yamekaa kwa muda gani wala yamechujwa na nini. Wenye busara hufunga dumu nyuma, au hununua tanki kubwa la plastiki, gharama ambayo tangazo la pikipiki halikuitaja.

Nifike kwenye vipuri, ambako ndoto nyingi za wenzetu zimeishia. Katika kila senta yenye mti na benchi kuna cheni, sproketi, plagi, taya za breki na tyubu za bodaboda za Boxer na TVS. Kwa pikipiki ya ng'ambo isiyo na wenzake nchini, pedi za breki tu zinaweza kuhitaji kuagizwa, kulipiwa usafirishaji, kisha ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 upande wa Tanzania. Kubwa zenyewe, mpya, huuzwa kwa bei ya gari dogo zuri lililotumika, na baadhi hupita hapo mbali. Injini za kisasa zinaongozwa na kompyuta. Taa ya onyo ikiwaka, anayeweza kuisoma ni mwenye kifaa maalumu, na kifaa hicho kiko Dar es Salaam au Nairobi. Petroli chafu ya kwenye dumu huziba chujio na pampu iliyo ndani ya tanki, wakati kabureta ilifunguliwa kwa bisibisi chini ya mwembe.

Nisiidharau teknolojia mpya, hata hivyo. Kwenye uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, hewa ni nyembamba na kabureta iliyopangwa pwani husongwa, moshi ukawa mweusi na nguvu ikapotea. Mfumo wa kunyunyizia mafuta hujirekebisha wenyewe. Breki zinazozuia gurudumu kujifunga zimeokoa watu wengi kwenye lami yenye mvua, na aina nyingi za pikipiki hizi hukuruhusu kuizima ya nyuma ukiingia kwenye changarawe. Niliwahi kukatikiwa na waya wa klachi mbali na mji, na muuzaji aliyeniuzia pikipiki hakuwa nao wala hakujua utafika lini. Fundi mmoja wa Ifakara alichukua waya wa bodaboda, akaukata kwa kipimo, akayeyusha risasi na kuunda kichwa kipya. Ulidumu. Fundi huyo asingeweza kunisaidia kama kilichoharibika kingekuwa kidude cha umeme kilichofungwa kwa plastiki. Kwa hiyo, unapochagua, usipime tu uwezekano wa kitu kuharibika. Pima pia ni nani ataweza kukitengeneza mahali kitakapoharibikia.

Swali hilo linaeleza jambo ambalo wageni hushangaa: kwa nini bodaboda wetu, ambao ndio wanaozijua barabara mbaya kuliko mtu yeyote, hawanunui pikipiki za porini. Sababu zao ni nzito. Kiti cha porini ni chembamba na kirefu kwenda juu. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu hawezi kukipanda kwa heshima, na abiria wawili hawaenei. Fremu ya nyuma imefanywa nyepesi ili pikipiki iruke, si ili ibebe magunia ya mahindi. Shokapu ndefu zikilemewa na mzigo hukaa chini kabisa na pikipiki huyumba. Boxer ina kiti kirefu bapa, keria ya chuma, injini isiyo na makuu, na kipuri chake kinauzwa na jirani. Kijana anayelipa mkopo kila jioni amefanya hesabu sahihi. Anayepita barabara ya Mlimba na abiria na gunia kwa tairi za inchi 17 ana ujuzi ambao wengi wenye masanduku ya aluminiamu hawajaufikia, nami namvulia kofia.

Pikipiki iliyowahi kuunganisha pande hizi mbili ipo, na haisifiwi inavyostahili. Yamaha AG, iliyotengenezwa kwa wafugaji na wakulima, ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili uisimamishe kwenye mteremko wowote, na ile AG200 ina cheni iliyofunikwa yote ndani ya kasha. Cheni isiyoona vumbi huishi muda mrefu kuliko iliyo wazi. Haina sura ya kupigwa picha. Lakini afisa ugani anayepewa chombo kama hicho na kufundishwa kukitunza anaweza kufanya kazi miaka mingi.

Kufundishwa kukitunza ndiko kunakokosekana. Barry na Andrea Coleman, wanandoa wa Uingereza kutoka ulimwengu wa mashindano ya pikipiki, pamoja na bingwa Mmarekani Randy Mamola, walianzisha shirika la Riders for Health baada ya kuona Somalia, mwishoni mwa miaka ya 1980, pikipiki za huduma za afya zimetupwa zikiwa karibu mpya kwa kukosa matengenezo madogo. Walipoanza kazi Lesotho na nchi nyingine za Afrika hawakuleta pikipiki za ajabu. Walileta ratiba: oili ibadilishwe kwa wakati, chujio la hewa lisafishwe, cheni ikazwe, dereva aikague kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Kwetu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mwaka 2022 jijini Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo, na nililipokea jambo hilo kwa furaha ya kweli. Ninachoomba kwa halmashauri ni kwamba bajeti ya cheni, tairi na oili ipitishwe kwenye kikao kile kile kinachopitisha mafuta. Nyuma ya ofisi nyingi za wilaya kuna safu ya XL na DT zenye kutu, na nyingi zilikufa kwa kukosa vitu vya bei ndogo.

Kwa wanaotaka kuvuka mipaka, mambo machache. Bima ya kadi ya njano ya COMESA hutambuliwa katika nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000. Hifadhi za taifa za Tanzania na eneo la hifadhi la Ngorongoro haziruhusu watalii kuingia kwa pikipiki, kwa hiyo Serengeti na Ngorongoro haziko kwenye ramani yako. Barabara kuu inayopita katikati ya Mikumi inaruhusiwa, na pale mwendo upunguzwe kwa ajili ya wanyama. Mavazi nayo ni gharama: kofia ngumu nzuri, glavu, koti, buti. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Joto la Dar es Salaam hulifanya koti kuwa mateso kwenye foleni, na injini kubwa huongeza joto lake mapajani. Livae hivyo hivyo.

Kama umefika hapa bado unaitaka, tafuta iliyotumika ya cc 150 hadi 300 uanze nayo. XR150L ya Honda au Hero Xpulse 200 zitakufundisha mengi kwa bei isiyokufilisi. Shika tairi la mbele uone kama beringi za usukani zina mchezo. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokazwa hulia. Angalia shokapu za mbele kama zinatoka oili, na kasha la chujio la hewa kama lina vumbi upande wa ndani, maana vumbi likishapita hapo limeshaila silinda. Tazama meno ya sproketi, yakichongoka kama ya msumeno mkate muuzaji bei ya seti nzima.

Kisha omba ilazwe chini ubavu wa kulia, juu ya godoro kuukuu kama mwenyewe anaogopa mikwaruzo. Funga mafuta, weka gia, toa stendi ya pembeni ili isije ikaangukia upande wa pili. Geuza usukani uelekee chini, ipe mgongo, chuchumaa mpaka makalio yaguse kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu au keria kwa mwingine, sukuma kwa miguu na urudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo, mgongo ukiwa umenyooka. Inyanyue mara mbili mfululizo, kwa sababu mchangani haiangushwi mara moja, na ya pili ndiyo itakayokuonyesha kama una nguvu ya kuimiliki. Baada ya hapo ndipo bei izungumzwe.